Breki za Land Rover la Zamani: Kutoka Dramu hadi Diski

Gari likiharibika injini humchelewesha mwenyewe. Likiharibika breki huweza kumwangamiza yeye pamoja na watoto walioketi nyuma. Jambo hili hujulikana na kila dereva, lakini ni wachache wanaolikumbuka wakati wa kutoa fedha. Rangi mpya huonekana na majirani, viti vipya husifiwa na wageni, bali breki zimejificha ndani ya magurudumu, na hazisemi neno mpaka siku ya mteremko.

Katika Afrika ya Mashariki ni magari machache yaliyotumika kwa muda mrefu na kwa kazi ngumu kama Land Rover. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Uholanzi, mwezi wa Aprili 1948. Toleo lake la kwanza, Series I, liliundwa hadi mwaka 1958. Likafuatwa na Series II, kisha Series IIA, na mwisho Series III iliyoundwa tangu mwaka 1971 hadi 1985. Askari wa mipakani, polisi wa vituo vya mbali, mabwana shamba na waganga wa wilaya waliyategemea magari hayo mahali ambapo barabara ilikuwa ni jina tu.

Mengi ya magari hayo yalistaafu pamoja na watumishi walioyaendesha. Yaliuzwa katika minada, yakanunuliwa na askari waliomaliza utumishi, walimu, wakulima na wafanya biashara wadogo. Gari moja la namna hiyo huenda likabeba ndizi siku ya Jumatatu, mgonjwa siku ya Jumatano, na jamaa nzima kwenda arusini siku ya Jumamosi. Wenye magari hayo wakaao katika nchi za milima, kama vile barabara ya Kabale kwenda Kisoro, au ile ipandayo Kapchorwa, wameanza kuuliza swali moja: je, inafaa kuziondoa breki za dramu za kiwandani na kutia breki za diski kama za magari ya sasa?

Jibu fupi ni kwamba inafaa, kwa sharti moja. Breki ni mnyororo, wala si pete moja. Anayebadili pete moja na kuziacha nyingine kama zilivyokuwa, huenda akapata gari la hatari kuliko lile la kwanza.

HISTORIA FUPI

Aina hizi mbili za breki zina umri unaolingana. Mfaransa Louis Renault ndiye anayehesabiwa kuwa mvumbuzi wa breki ya dramu ya kisasa, mwaka 1902. Mwaka huo huo Mwingereza Frederick Lanchester aliandikisha uvumbuzi wake wa breki ya diski huko Birmingham. Hata hivyo dramu ndiyo iliyoenea, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuiunda na haikuhitaji nguvu nyingi za mguu.

Diski ilingoja nusu karne. Mwaka 1953 magari ya Jaguar yaliyofungwa breki za diski za Dunlop yalishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Madereva wake waliweza kuchelewa kukanyaga breki kila walipokaribia kona, mchana na usiku, na breki hazikuchoka. Mwaka 1955 gari la Citroën DS lilitolewa likiwa na diski magurudumu ya mbele. Mwaka 1970 kampuni ya Rover yenyewe ilitoa Range Rover lenye diski magurudumu yote manne. Lakini Land Rover za Series ziliendelea kutoka kiwandani na dramu magurudumu yote manne hadi mwisho wake. Mwaka 1983 ndipo lilipotoka Land Rover One Ten lenye diski mbele na dramu nyuma.

DRAMU HUFANYA KAZI NAMNA GANI

Dramu ni kama sufuria ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna brekishu mbili zenye umbo la mwezi mchanga, zilizobandikwa leningi. Dereva akikanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta ya breki katika mabomba hadi kwenye silinda ndogo ya gurudumu. Silinda hiyo huzitanua brekishu zikausugua ukuta wa dramu kwa ndani, na gari likapunguza mwendo.

Breki hii ina siri moja njema. Brekishu inayotangulia katika mzunguko huvutwa na dramu yenyewe, ikajibana zaidi kuliko nguvu iliyosukumwa na dereva. Ndiyo maana gari zito la zamani liliweza kusimamishwa kwa mguu wa mtu wa kawaida bila msaada wa mashine nyingine. Siri hiyo haina budi kukumbukwa, kwa sababu diski hainayo.

KWA NINI HUCHOKA MTEREMKONI

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Land Rover lenye uzito wa kilo 2,000 pamoja na abiria na mizigo, likiteremka mlima wenye kimo cha mita 400, huachia nguvu inayotosha kuchemsha debe zima la maji lililotoka kisimani. Sehemu ya nguvu hiyo huzuiwa na injini ikiwa dereva ametia gia ya chini. Sehemu iliyobaki yote huingia katika breki.

Joto likizidi, mambo matatu hutokea. Kwanza, dramu hutanuka na kuzikimbia brekishu, hivyo pedali hushuka chini zaidi kila inapokanyagwa. Pili, leningi iliyopata moto mno hupoteza ukali wake. Dereva hukanyaga kwa nguvu na gari halitii. Tatu, mafuta ya breki yaliyozeeka huchemka na kutoa mvuke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Basi pedali huzama kama mguu uliokanyaga tope.

Maji nayo ni adui. Gari likivuka mto, dramu huyaweka maji na matope ndani kama sufuria iliyofunikwa, na breki hazishiki sawasawa mpaka zikauke. Mara nyingi gurudumu moja hukauka kabla ya mwenzake, gari likavuta upande mmoja.

UBORA WA DISKI NA UPUNGUFU WAKE

Diski ni sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu hali iko wazi katika hewa. Kalipa huipanda ukingoni na kuibana kwa padi mbili, upande huu na upande huu, kama koleo la mhunzi. Kwa kuwa iko wazi, hupoa upesi. Ikipata moto na kunenepa, huzisogelea padi badala ya kuzikimbia. Maji hurushwa nje kwa mzunguko wake, na breki hurudi katika hali yake mara moja. Tena hairekebishwi kwa spana kila mara, maana padi hujisogeza zenyewe kadiri zinavyolika.

Hata hivyo diski ina mahitaji yake. Haijibani yenyewe kama brekishu inayotangulia, kwa hiyo hutaka msukumo mkubwa zaidi wa mafuta. Aidha, kwa kuwa iko wazi, mchanga na matope ya mashambani huila pamoja na padi zake. Mwenye gari anayefikiri kwamba diski haihitaji kutazamwa, amejidanganya.

KWANZA ZITENGENEZWE ZILIZOPO

Kabla ya kununua kitu chochote kipya, yafaa kwanza breki za zamani zirudishwe katika hali zilivyotoka kiwandani. Magari mengi yanayolaumiwa kwa breki mbaya hayana kosa la dramu, bali yana kosa la matunzo. Leningi zimelowa mafuta ya difu kwa sababu ya sili iliyokatika. Silinda za magurudumu zimeshika kutu. Dramu zimelika kupita kiasi. Mipira ya breki imevimba kwa ndani na kuziba njia. Na boliti za kurekebishia, zilizo nyuma ya bamba la breki, hazijaguswa kwa miaka.

Kurekebisha huko si kazi ngumu. Gurudumu huinuliwa, boliti hugeuzwa mpaka gurudumu likatae kuzunguka, kisha hulegezwa kidogo kidogo mpaka lizunguke bila kusuguana. Pedali iliyokuwa ikizama hadi sakafuni huenda ikapanda juu katika alasiri moja.

Kwa Land Rover fupi la inchi 88 iko pia njia ya katikati. Mengi ya magari hayo yana dramu za inchi 10, hali yale marefu ya inchi 109 yana dramu za inchi 11, na kila gurudumu la mbele lina silinda mbili, hivyo brekishu zote mbili hutangulia. Breki za mbele za gari refu huweza kufungwa katika gari fupi pamoja na masta silinda inayolingana nazo. Hiyo ni nafuu kubwa kwa gharama ndogo, na vitu vyote ni vya Land Rover yenyewe. Kwa mtu anayeendesha polepole katika nchi ya tambarare, safari yake ya matengenezo huenda ikaishia hapo, naye asijute.

NJIA MBILI ZA KUTIA DISKI

Anayeamua kuendelea ana njia mbili. Ya kwanza ni kununua seti iliyotayarishwa kwa ajili ya Land Rover za Series, yenye diski, kalipa, padi na mabano ya kuzishikia, akaifunga katika ekseli yake ya mbele. Njia hii huigharimu mifuko zaidi, lakini ekseli, springi na difu hubaki kama zilivyokuwa.

Ya pili ni kutafuta ekseli nzima ya gari jingine lenye diski, kama vile Range Rover au Discovery la kwanza, na kuifunga chini ya gari la zamani. Njia hii huwavutia wengi kwa sababu ekseli iliyotumika huonekana kuwa rahisi. Lakini cha rahisi huenda kikawa ghali. Ekseli hizo ziliundwa kwa springi za kuzunguka, wala si springi za mabamba kama za Series. Kwa hiyo hukatwa na kuchomelewa upya, na pembe za usukani zikikosewa gari hutangatanga barabarani. Licha ya hayo, difu za Series kwa kawaida zina uwiano wa 4.7 kwa 1, na zile za Range Rover na Discovery zina uwiano wa 3.54 kwa 1. Mwenye kufunga ekseli moja tu ya namna hiyo mbele na kuiacha ya zamani nyuma, siku atakapotia gia ya magurudumu manne, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatataka kwenda mwendo mbalimbali, na kitu kitavunjika. Difu zote mbili hazina budi kuwa na uwiano mmoja.

Kwa njia zote mbili, diski za mbele peke yake zatosha kwa matumizi mengi. Gari likifunga breki uzito wake huegemea mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kazi. Dramu zilizo nzima zaweza kubaki nyuma, kama kiwanda chenyewe kilivyofanya katika One Ten.

PETE ZA MNYORORO

Hapa ndipo penye makosa mengi. Fundi asiye mwangalifu hufunga diski mbili mpya, akaziunganisha na mabomba ya zamani, akamkabidhi mwenye gari ufunguo. Gari linang'aa magurudumuni, lakini haliwezi kusimama.

Masta silinda ndiyo ya kwanza kutazamwa. Ikiwa na tundu jembamba, hutoa msukumo mkubwa lakini pedali hushuka mbali. Ikiwa na tundu pana, pedali huwa ngumu na msukumo hupungua. Pistoni za kalipa hutaka mafuta mengi kuliko silinda ndogo za dramu, hivyo masta silinda ichaguliwe kulingana na kalipa zilizonunuliwa. Magari mengi ya zamani yana masta silinda ya njia moja tu: bomba moja likipasuka, breki zote hupotea. Kwa kuwa kazi inafanywa, afadhali itiwe ile ya njia mbili, ili ikikatika ya mbele ibaki ya nyuma.

Masta silinda nyingi za breki za dramu zina valvu ndogo inayobakiza msukumo kidogo ndani ya mabomba baada ya pedali kuachiliwa. Kwa dramu jambo hilo lina faida. Kwa diski ni balaa, maana padi hubaki zimeibana sahani njiani kote, zikapata moto na mafuta yakachemka. Valvu hiyo haifai kuwapo katika njia ya diski.

Busta ndiyo inayolipa ule msaada uliopotea kwa kuondoka dramu za mbele. Kwa injini ya petroli, busta huvuta nguvu kutoka bomba la kuingizia hewa la injini. Kwa injini ya dizeli mambo ni tofauti, kwani haina mvuto wa kutosha hapo. Kwa kawaida hutiwa pampu maalumu. Gari zito lenye diski lisilo na busta huweza kumshinda dereva asiye na nguvu nyingi za mguu, na katika nyumba moja huenda gari likaendeshwa na baba, mama na kijana wao.

Mizani ya mbele na nyuma ni pete nyingine. Magurudumu ya nyuma yakijifunga kabla ya yale ya mbele, gari hugeuka na kutazama lilikotoka. Valvu ya kupunguza msukumo wa nyuma huzuia jambo hilo.

Mabomba na mipira vifungwe vipya. Bomba la shaba la friji halifai hata kidogo kwa breki, ijapokuwa hupatikana kwa urahisi. Mafuta ya breki yawe ya aina iliyoandikwa na mtengenezaji wa masta silinda na kalipa, na yatoke katika kopo ambalo halijafunguliwa, kwa sababu huvuta unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki chini ya nyuzi 205 za Sentigredi, na yale ya DOT 4 chini ya nyuzi 230. Yakiisha kuvuta maji, viwango hivyo huweza kushuka hadi nyuzi 140 na 155. Mafuta ya injini yasitiwe kamwe, wala mipira isioshwe kwa petroli. Huvimba na kuziba.

Mwisho, rimu zijaribiwe. Kalipa huchukua nafasi kubwa, na rimu nyingine za zamani huigusa. Rimu ifungwe na kuzungushwa kwa mkono kabla ya tairi kukanyaga ardhi.

TAHADHARI ZA GEREJI NA ZA NYUMBANI

Breki ya mkono ya Land Rover za Series haiko magurudumuni, bali iko nyuma ya giaboksi, nayo hushika shafti. Kwa sababu hiyo kutia diski hakuigusi. Lakini yafaa ifahamike kwamba gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliruhusu kuzunguka, na gari lote huweza kuserereka ijapokuwa breki ya mkono imevutwa. Mawe au magogo yawekwe katika magurudumu mengine, mbele na nyuma, na gari likalishwe juu ya vigingi imara. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake.

Leningi nyingi za zamani ziliundwa kwa asbesto. Vumbi lake likivutwa pumzini huweza kuleta saratani ya mapafu na ya utando wake, miaka mingi baadaye. Kwa hiyo dramu ya zamani isipulizwe kwa pampu ya hewa, wala isipigwe-pigwe ili vumbi limwagike. Iloweshwe kwa maji, ipanguswe kwa kitambaa, na kitambaa hicho kifungwe ndani ya mfuko na kutupwa mbali na watoto. Nguo za kazi zisifuliwe katika beseni moja na nguo za nyumbani. Mama wa nyumba ana haki ya kulidai hilo, na fundi mwema hatalibishia.

KUTOA HEWA, KUPIMA NA KUZOESHA

Kazi ikiisha, hewa hutolewa katika mabomba kwa kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yenye usukani kulia huwa ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, kisha mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Nati ya kutolea hewa katika kalipa haina budi kuwa juu. Ikiwa chini, kalipa ya kushoto imefungwa kulia, na hewa haitatoka ijapokuwa fundi atakanyaga pedali hadi usiku. Fimbo ya kusukumia masta silinda nayo iachiwe nafasi ndogo, ili mafuta yapate kurudi mguu unapoinuliwa.

Kisha pedali ikanyagwe kwa nguvu na kushikiliwa dakika nzima. Ikizama taratibu, panavuja mahali. Busta hupimwa hivi: injini ikiwa imezimwa, pedali hukanyagwa mara kadhaa hadi iwe ngumu, mguu ungali juu yake, injini huwashwa. Pedali ikishuka kidogo, busta ni nzima.

Jaribio la kwanza lifanywe katika uwanja mtupu na wa tambarare, kwa mwendo mdogo, bila abiria, na mtu mmoja akitazama kwa mbali ni magurudumu yapi yanayojifunga kwanza. Baada ya hapo padi mpya zizoeshwe: gari lipunguzwe mwendo kutoka kilometa 50 kwa saa hadi 10, mara kadhaa, likipewa nafasi ya kupoa kila mara. Baada ya kilometa mia za mwanzo kila boliti na kila kiungo cha bomba kikaguliwe upya. Ni vema pia gari lipelekwe kwa mkaguzi wa magari wa polisi, na kampuni ya bima ijulishwe juu ya badiliko hilo. Anayeficha kazi njema hutia shaka kama kweli ni njema.

DEREVA NDIYE PETE YA MWISHO

Hakuna breki iliyoundwa kumlinda dereva mzembe. Mteremko wa Kanaba, wa Mai Mahiu huko Kenya, au wa Kitonga huko Tanzania hauulizi kama gari lina dramu au diski. Gia ya kuteremkia ni ile ambayo ingetumika kuupanda mlima huo, na itiwe kileleni kabla mwendo haujazidi. Breki zikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha ziachiliwe zipoe. Zisishikiliwe njia nzima. Anayeteremka kwa gia huru ili kubana petroli, anauza maisha ya abiria wake kwa bei ya vikombe vichache vya mafuta.

HESABU YA NYUMBANI

Kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, baba na mama wakae wayaandike yote katika karatasi moja: diski, kalipa, padi, masta silinda, busta, valvu, mabomba, mipira, mafuta, beringi na sili za magurudumu, na ujira wa fundi. Jumla hiyo ndiyo bei ya breki za diski; bei ya diski mbili peke yake siyo. Ikiwa fedha zilizopo zatosha nusu ya orodha, basi kazi isianzwe. Fedha hizo zitumike kuzifufua dramu zilizopo, maana dramu nzima ni bora kuliko diski iliyofungwa nusu nusu.

Na ikiwa zatosha zote, kazi ifanywe kwa ukamilifu, na fundi apewe muda. Gari la zamani ni mali na ni kumbukumbu ya utumishi mwema. Linastahili kutunzwa, lakini wanaostahili zaidi ni wale wanaopanda nyuma na kufunga mlango bila kuuliza swali, wakiamini kwamba aliyeshika usukani ameyafikiria yote kabla yao.